Amana ya Mwenye Shamba

Swali la iwapo mtu anaweza kumiliki ardhi bila ya kudaiwa chochote na viumbe wanaoitegemea lina uzito wa pekee huko Tiwi, pwani ya kusini ya Kenya, ambako Mto Mwachema, baada ya kuteremka kutoka milima ya Shimba na kupita katika mashamba ya watu, huingia baharini karibu na msikiti wa kale wa Kongo. Hifadhi ya Shimba Hills ilitangazwa mwaka 1968, lakini mipaka yake haifuati bonde la mto, yaani eneo lote ambalo mvua yake huishia katika mto mmoja. Hivyo ndovu anayetafuta maji huvuka na kuingia katika shamba lenye hati.

Katika Uislamu, dini ya walio wengi kati ya Wadigo, wenyeji wa eneo hili, ardhi ni ya Mwenyezi Mungu na binadamu ni khalifa, yaani msimamizi aliyekabidhiwa. Fikihi, ambayo ni elimu ya sheria za dini, inatambua pia harimu, ukanda wa kandokando ya kisima au mto ambao mtu haruhusiwi kuutumia kwa namna ya kuwadhuru wenye haki ya maji. Hati, basi, humpa mtu mamlaka ya kulima, haimpi ruhusa ya kuua chemchemi.

Mwaluganje, kaskazini ya Shimba Hills, wazo hili la kwamba ardhi ni amana lilijaribiwa kwa gharama kubwa: katikati ya miaka ya 1990 familia za Wadigo na Waduruma ziliunganisha mashamba yao yawe mapito na malisho ya ndovu, zikawa wanahisa wa kugawana mapato ya wageni. Hawakutajirika. Aliyetoa ekari zake aliacha mahindi yake, na utalii ukiyumba, naye huyumba.

Wapo watakaouliza kama amana inayolipiwa bado ni amana. Qurani yenyewe humruhusu msimamizi maskini wa mali ya yatima kula katika mali hiyo kwa kadiri inayofaa, wala uaminifu wake hautenguki kwa hilo. Linalotengua amana ni kumwachia msimamizi mzigo peke yake, ilhali wanaofaidika ni wengi. Chemchemi za Marere, ndani ya Shimba Hills, zimewanywesha watu wa Mombasa kwa miongo mingi, na kwa hiyo deni la kuitunza milima hiyo ni la kila anayefungua bomba mjini, sawa na mkulima anayepakana na msitu, na ni haki watu wa mjini nao walipe.