Kumsomea Mgonjwa Usiyemjua



Wazazi kadhaa wa hapa Gumbo, Juba, wameniuliza swali moja kuhusu watoto wao walioko vyuoni Kampala na Nairobi: shahada ya kwanza ameshapata, kazi angeipata, sasa anasoma nini tena? Swali hilo ni la haki. Karo inatoka kwenye mkaa, kwenye boda, kwenye vibanda vya kando ya barabara, na mtu anayefanya utafiti kwa miaka mingi haleti kitu nyumbani. Sitawalaumu. Nataka tu niwaeleze kwa nini nadhani kanisa linapaswa kuwabeba vijana hawa.

Barabara hii ya Nimule inayopita hapa kwetu, ukiifuata hadi ng'ambo ya mpaka, inakufikisha Gulu. Kando ya mji ule ipo hospitali ya Mtakatifu Maria, Lacor, na baadhi yenu mnaijua tangu enzi za ukimbizi. Mwaka 2000 kiongozi wa hospitali hiyo, Daktari Matthew Lukwiya, hakuwepo kazini. Alikuwa Makerere akisomea shahada ya uzamili ya afya ya jamii. Fikirini: mtu mzima mwenye mke na watoto, daktari mwenye sifa, aliyekwisha kusomea magonjwa ya nchi za joto Liverpool na kuchagua kurudi Lacor, ameketi tena darasani. Bila shaka wapo waliouliza anasoma nini tena.

Mwezi Oktoba akapigiwa simu: wanafunzi wa uuguzi wanakufa, na hakuna ajuaye sababu. Alifika tarehe 7. Usiku ule alikaa na faili za waliokufa, akazisoma moja baada ya nyingine, akalinganisha dalili na yale yaliyoandikwa kuhusu homa za kutokwa damu. Gulu ya siku zile ilikuwa na vita, njaa na malaria vya kutosha kueleza kifo chochote. Jibu jepesi lilikuwa mezani, akalikataa. Wagonjwa wakatengwa, sampuli zikapelekwa Afrika Kusini, na baada ya takriban wiki moja ikathibitishwa kuwa ni Ebola.

Yeye alikuwa amekwisha kuanza kuwakinga watu kabla majibu hayajarudi. Huo ndio ujuzi ambao kijana anaupata kwa kukaa miaka na swali moja: kutoridhika na maelezo yanayokaribia ukweli, kusoma rekodi ambazo wengine wamezifunga, kusema "sijui bado" na kuendelea kutafuta. Watu 425 waliugua, 224 wakafa. Naamini bila usiku ule tungezika wengi zaidi. Daktari Lukwiya mwenyewe aliambukizwa, inadhaniwa siku alipomkimbilia muuguzi wake aliyekuwa akitokwa damu. Alifariki tarehe 5 Desemba 2000.

Ebola ile ilikuwa ya aina ya Sudan, na chimbuko la habari zake ni kwetu Sudan Kusini. Mwaka 1976 iliwapata wafanyakazi wa kiwanda cha pamba Nzara, Equatoria Magharibi, ikaenea hadi Maridi. Mwaka huohuo huko Kongo, Jean-Jacques Muyembe, aliyekuwa amerudi na shahada ya uzamivu kutoka Leuven, alichukua damu ya wagonjwa wa Yambuku bila hata glavu. Hakuliacha swali la ugonjwa ule. Damu ya mtu aliyepona Ebola ya Kikwit ya mwaka 1995 ndiyo iliyotoa kingamwili ambayo ilijaribiwa Kivu ya Kaskazini kuanzia 2018 na kuidhinishwa kuwa dawa Desemba 2020. Ni miaka 44! Lakini dawa hiyo ni ya aina ya Zaire, ile ya Kongo. Aina ya Sudan, iliyorejea Uganda mwaka 2022 na tena Kampala Januari 2025, ilipozuka haikuwa na dawa wala chanjo iliyoidhinishwa. Hilo linaniuma. Ugonjwa uliotambuliwa kwenye ardhi yetu ulikuwa bado unamsubiri mtu wa kuumaliza.

Tena si virusi tu vinavyomsubiri mtafiti. Machi 2024 serikali ilifunga shule kwa sababu ya joto lililotarajiwa kufika nyuzi 45, na Februari 2025 ikazifunga tena baada ya wanafunzi kuzirai hapa Juba. Vijana wetu wanacheza mpira na mieleka kwenye jua hilohilo. Mtoto aliyekula mlo mmoja kwa siku, anayenywa maji ya kununua, anaweza kukimbia kwa muda gani kabla figo zake hazijadhurika? Kocha anakisia. Jibu lililopatikana kwa mwanariadha aliyeshiba wa nchi nyingine halimtoshi mtoto huyo. Anayelichunguza swali hilo kwa shahada yake anawalinda watoto ambao hatajua majina yao.

Yoshua bin Sira, katika sura ya 38, anafundisha kwamba elimu ya mganga inatoka kwake Aliye Juu, na kwamba waganga nao humwomba Bwana awajalie kutambua ugonjwa. Basi kusoma faili usiku kucha kunaweza kuwa sala.

Nanyi mnaosoma, nina neno kwenu. Mtakapokwenda kambini au vijijini kuomba damu na majibu, waelezeni watu kwa lugha yao mnataka nini na kwa nini, na anayekataa mwacheni kwa heshima. Karatasi ya kamati ya maadili haitoshi kama mama hakuelewa alichokitilia kidole. Na matokeo yakishapatikana, msiyaache kabatini kwa msimamizi wenu. Rudini mwaeleze waliowapa damu.

Jumapili hii baada ya Misa ya pili, walioko likizo wabaki kanisani. Kila mmoja atatueleza swali lake kwa Kiarabu cha Juba au Kiswahili, na wazazi watauliza wanachotaka, hata kuhusu karo. Mwenye gari linalokwenda Kampala mwezi ujao aniambie. Wapo wawili wanaotafuta nafasi.