Aliyeshika Rungu Akitunga Sheria

Liko swali ambalo watu hubishana juu yake popote wanapochagua viongozi, nalo ni hili: Je, mtu aliyekuwa askari polisi afaa kuwa mtunga sheria? Wengine husema, Afaa kupita wote, kwa kuwa aijua sheria jinsi inavyotembea njiani usiku, wala si jinsi ilivyoandikwa karatasini tu. Wengine husema, Hafai kabisa, kwa kuwa aliyezoea kukamata humwona kila mtu kuwa mkosaji. Sisi twataka kulipima swali hili kwa habari za mtu mmoja ajulikanaye, aliyekuwa askari, kisha mtunga sheria, kisha mkuu wa mji. Labda tutaona neno ambalo pande zote mbili zimelisahau.

Nchi ya Marekani ina majimbo 50, na kila jimbo lina baraza lake la kutunga sheria, mbali na lile la nchi nzima. Baraza la jimbo la New York lina nyumba mbili, nalo hukutana katika mji wa Albany. Mtu tunayemtaja ni Eric Adams, Mmarekani mweusi, aliyezaliwa Brooklyn katika mji wa New York mwaka 1960. Yeye mwenyewe amesimulia kwamba alipokuwa kijana wa miaka 15 alikamatwa pamoja na nduguye, wakapigwa na askari ndani ya kituo cha polisi. Baadaye mchungaji mmoja wa Brooklyn, Herbert Daughtry, aliwashauri vijana weusi waingie katika polisi, wapate kuitengeneza kazi ile toka ndani. Adams akaingia mwaka 1984, akatumika miaka 22, akapanda hata cheo cha kapteni. Mwaka 1995 yeye na wenzake waliunda chama cha askari weusi, ambacho hakikuogopa kusema wazi juu ya maovu ya kazi yao. Mwaka 2006 aliacha kazi ya polisi, akachaguliwa kuingia katika Seneti ya jimbo, akaketi humo toka 2007 hata mwisho wa 2013.

Siku zile polisi wa New York walikuwa na desturi ya kuwasimamisha watu njiani na kuwapapasa nguo, wakitafuta silaha. Mwaka 2011 peke yake walisimamisha watu zaidi ya mara 685,000. Wengi wa waliosimamishwa walikuwa watu weusi na watu wenye asili ya nchi za Kispania, na karibu mara tisa katika kila kumi mtu hakukamatwa wala hakutozwa faini. Hata hivyo, majina ya wasio na hatia yalikuwa yakiwekwa katika kompyuta za polisi. Ndipo Adams katika Seneti, na mwenzake Hakeem Jeffries katika nyumba ya pili, walipoleta sheria ya kukataza kuyaweka majina hayo, na gavana David Paterson akaitia sahihi mwaka 2010. Tena mwaka 2013 Adams alisimama mahakamani akashuhudia juu ya desturi ile, na mwaka huo huo hakimu Shira Scheindlin akaamua kwamba jinsi ilivyofanywa ilivunja katiba.

Hapa wale wasemao Afaa watafurahi. Watasema, Adhabu ya kaburi aijuaye maiti. Aliyepigwa kituoni, na aliyevaa nguo za askari, ndiye aliyejua mahali pa kuweka mpaka. Nasi twakubali. Ujuzi wa namna hii hauokotwi katika kitabu.

Lakini habari haziishii hapo. Januari 2022 Adams aliingia katika cheo cha meya wa New York, na polisi wote wa mji wakawa chini ya amri yake. Mwaka ule ule vikosi vya kutafuta bunduki, vya namna iliyofutwa mwaka 2020, vilirudishwa vikiwa vimebadilishwa kidogo. Mwisho wa mwaka 2023 baraza la mji lilipitisha sheria ya kuwalazimisha polisi kuandika na kutoa habari za kila mara wanapomsimamisha mtu kwa uchunguzi, hata kama ni kwa maswali machache tu. Meya akaikataa mnamo Januari 2024, akisema kwamba maandiko mengi yatawachelewesha askari katika kazi yao. Baraza halikurudi nyuma. Lilipiga kura tena, 42 kwa 9, na sheria ikasimama bila idhini yake.

Basi, je, tumwite mnafiki? Hasha. Mzigo wa meya si mzigo wa mjumbe wa Seneti. Mama aliyefiwa na mwanawe kwa risasi humlilia meya, wala hamwendei mjumbe aliye Albany. Wala hatutaki kumhukumu kwa mashtaka ya rushwa aliyoletewa mwaka 2024, kwa kuwa aliyakana, na kesi ikafutwa Aprili 2025 pasipo kusikilizwa hata mwisho. Neno letu ni jingine. Jicho la mtu hufuata kiti alichokalia. Aliyesimama chini ya rungu huona uzito wa rungu. Aliyeketi juu huona hatari ya kuliweka chini. Mtu ni yule yule, na kumbukumbu zake ni zile zile, lakini kiti kimebadilika.

Kwa hiyo mateso ya zamani ni mwalimu mwema, lakini ni mwalimu ambaye sauti yake hufifia. Sheria haifanyi hivyo. Ile ya mwaka 2010 haikumwuliza Adams ana cheo gani sasa. Alipokuwa meya, ilimfunga yeye na polisi wake kama ilivyowafunga waliomtangulia. Naona hili ndilo neno lililosahauliwa na pande zote mbili: tunapobishana kama mtu ni mwema au ni mbaya, tunasahau kuuliza ni nani aliye juu yake.

Mkumbukeni yule akida wa Kapernaumu. Alipotaka kueleza uwezo wa amri, hakuanza kwa kusema kwamba ana askari wengi. Alianza kwa kusema kwamba yeye naye yu chini ya mamlaka. Bwana wetu akastaajabia imani yake. Mwenye kuamuru asiye chini ya amri yoyote ni mtu wa hatari, hata akiwa na moyo mwema.

Sisi walimu twalijua jambo hili kwa viranja. Mtoto aliyelia jana kwa sababu ya ukali wa kiranja, leo akipewa ukiranja, mara nyingi huwa mkali kuliko yule wa kwanza. Mkuki kwa nguruwe, kwa binadamu uchungu. Dawa yake si kumtafuta mtoto asiyeweza kukosa, maana hayuko. Dawa ni daftari ambalo kiranja huandika alilofanya, na mwalimu hulisoma kila jioni.

Basi, ndugu, mnapochagua mjumbe, au mzee wa kanisa, au mweka hazina wa chama, ulizeni kama aijua kazi, na kama ameonja taabu za watu. Hayo ni maswali mazuri. Lakini msiondoke kabla ya kuuliza la tatu: Je, utakubali tulikague daftari lako? Akikasirika kwa swali hilo, mmekwisha kupata jibu.