Mfano ni wa Kukopiwa

Ukifungua maelekezo ya rsync, programu ya kunakili mafaili kwa kuandika amri, utakuta kurasa ndefu kuliko subira yako. Wengi wetu tunaruka hadi kwenye mifano, tunakopi, tunabonyeza Enter. Wakongwe wanauita uvivu. Zii. Mtu anayetafuta mfano saa sita usiku ana kazi, hana mtihani.

Sasa chukua huu: rsync -a --delete picha/ nakala/. Unaifanya folda ya pili ifanane kabisa na ya kwanza. Kilichozidi huko kinafutwa. Geuza majina hayo mawili, na kama nakala bado ni tupu, picha zako zote kwisha. Je, aliyeandika mfano huo bila kuonya ana lawama? Nasema anayo. Alijua utakopi, ndiyo maana akauandika. Kuongeza -n, inayoonyesha kitakachotokea bila kugusa chochote, ni kazi ya herufi moja.

Hata majina yana uzito. “Picha” na “nakala” yanakuambia nani anatoa, nani anapokea. “Foo” na “bar”, wanavyopenda kuandika, ni utani wa watu waliozoeana, na wewe umeingia tu jana.