Vilabu vya Wanaume Peke Yao na vya Wanawake Peke Yao: Haki Iko Wapi?

Tumeulizwa suali ambalo kwa nje laonekana dogo, na ndani yake mna jambo kubwa. Je, vilabu na vyumba vya mazoezi, vile viitwavyo jimu, vikiwekwa kwa wanaume peke yao au kwa wanawake peke yao, ni uadilifu kwa pande zote mbili? Wako wasemao kuwa mlango ukifungwa mbele ya mtu kwa sababu tu ni mwanamume au ni mwanamke, basi huo ni ubaguzi, na ubaguzi ni dhulma. Na wako wengine, na wengi wao ni katika sisi, ambao hujibu kuwa dini imekwisha amrisha watu watengane, kwa hivyo hapana la kuzungumza. Majibu yote mawili yametolewa kwa pupa.

Katika Sahihi ya Bukhari mna habari iliyopokewa na Abu Said al-Khudri (R.A.). Wanawake walimwendea Bwana Mtume (S.A.W.) wakamshitakia kuwa wanaume wamewashinda kwake, wakamuomba awawekee siku yao. Akawaahidi siku, akakutana nao, akawawaidhi. Ndugu zangu, izingatieni habari hii. Wanawake wale hawakuambiwa wakae majumbani wangoje waume zao waje wawasimulie. Wala siku yao ile haikuhisabiwa kuwa ni kuwadhulumu wanaume. Lakini liko jambo la tatu ambalo wengi wetu hulipita mbio, nalo ni kile walichopewa siku hiyo. Hawakupelekewa mwanafunzi awafundishe. Alikwenda Mtume mwenyewe. Wakati ulitengwa, na kheri iliyokuwamo haikupunguzwa.

Basi kutenga peke yake si dhulma wala si uadilifu. Wanavyuoni wetu wana kanuni kuwa njia hupewa hukumu ya kile inachofikisha. Kwa hivyo kila mlango uliofungwa tuuulizie mambo mawili: nyuma yake hugawanywa nini? Na yule aliyezuiwa, ana pahali pengine pa kukipata?

Tuvitazame kwanza vilabu. Huko London iko klabu iitwayo Garrick, iliyoasisiwa mwaka 1831, ambayo haikukubali mwanamke awe mwanachama mpaka wanachama wake walipopiga kura mwezi wa Mei, 2024. Kilichowauma wanawake wa huko si chakula cha mchana, kwani chakula chapatikana popote. Kilichowauma ni kuwa katika wanachama hao wamo majaji, mawakili na watu wa serikali, na watu wa namna hiyo wakizoea kukaa pamoja hujuana, na kujuana huzaa vyeo. Na sisi hatuna haja ya kwenda London ili tulifahamu neno hili. Wakati wa ukoloni, vilabu vya Wazungu kama kile cha Muthaiga, kilichofunguliwa Nairobi mwaka 1913, havikumpokea Mwafrika, wala Mwarabu, wala Mhindi. Hatukuwa na tamaa ya ulevi uliokuwamo mle. Lakini ilijulikana kuwa waliokaa humo jioni ndio walioamua asubuhi.

Na baraza zetu je? Sisemi kuwa baraza ya kahawa na dhumna ni haramu. Wanaume wana haki ya kupumzika na wenziwao. Lakini ikiwa mambo ya wakfu, na ya madrasa, na nani aombewe kazi, huamuliwa hapo barazani baina ya Magharibi na Isha, na yule mjane ambaye wakfu ule wamhusu hana njia ya kulifikisha neno lake ila kumtuma mtoto, basi baraza hiyo imekuwa Muthaiga, hata kama kinachonywewa ni kahawa.

Wanawake wa Mombasa nao wamekuwa na vyama vyao tangu zamani. Vilikuwapo vyama vya lelemama, vilivyoshindana kwa mavazi na karamu hata mali ikapotea bure. Kisha katika miaka ya 1950 wakaunda vyama vya kujiendeleza. Israfu ya vile vya kwanza ina aibu yake, lakini hatujui mwanamume aliyepoteza haki yake kwa kutoingizwa katika chama chochote kati ya hivyo.

Ama mazoezi ya mwili, hapa ndipo penye deni letu. Mtume (S.A.W.) alimwambia Abdallah bin Amr kuwa mwili wake una haki juu yake; nayo imo katika Bukhari. Na katika Muslim mna kuwa Muumini mwenye nguvu ni bora kuliko aliye dhaifu, ingawa wote wawili wana kheri. Ni nani aliyetwambia kuwa maneno haya ni ya wanaume tu? Bwana Mtume alishindana mbio na Bi Aisha, na mara ya kwanza Bi Aisha akamshinda. Aliyeyasimulia haya ni Bi Aisha mwenyewe, na Abu Daud ameyapokea.

Vijana wetu wa kiume wana viwanja vya mpira, wana pwani ya kuogelea, na jimu ziko mitaani. Mama aliyeambiwa na daktari kuwa ana sukari au presha na atembee kila siku, atembee wapi? Kutoka jikoni hadi ukumbini? Na katika baadhi ya majumba ya mazoezi ambako husemwa kuwa wanawake wana wakati wao, wakati wenyewe ni saa nne hadi saa sita mchana, saa ambazo chungu kiko motoni na watoto wakaribia kurudi chuoni. Ada ni ile ile. Kisha akina mama wasipokuja husemwa, "Tuliwapa, hawakutaka." Baba yake Nuuman bin Bashir alimpa mwanawe mmoja zawadi, akataka Mtume (S.A.W.) awe shahidi. Akaulizwa kama amewapa wanawe wote mfano wa hiyo. Aliposema la, Mtume alikataa kuishuhudia. Zawadi haikuwa haramu kwa dhati yake. Iliharibiwa na mgawanyo.

Wanaume nao wana madai yao. Katika mji wa Boston, Marekani, mwanamume mmoja aliishitaki jimu ya wanawake kwa kuwa haikumkubali, na mwaka 1997 hakimu akampa haki. Mwaka 1998 jimbo la Massachusetts likaibadili sheria ili jimu za namna hiyo ziruhusiwe. Mimi naona sheria hiyo ya pili ndiyo iliyo karibu zaidi na uadilifu, kwani mwanamume aliyefungiwa mlango mmoja ana milango mingine, na mwanamke mwenye haya hana. Lakini tusimsahau kijana wa kiume. Katika Sura An-Nur, wanaume wameamrishwa kuinamisha macho katika aya ya 30, kabla ya wanawake kuamrishwa katika aya ya 31. Kijana ambaye ayahofia macho yake, akataka saa zisizo na wanawake, ana haki ya kuzipata wala asichekwe.

Atasimama mtu atutolee hadithi ya Bi Aisha na wanawake wa Shamu, alipowakemea kwa kuingia hamamuni. Hadithi hiyo yahusu kuvua nguo, na mwanamke anayefanya mazoezi mbele ya wanawake wenziwe, hali amejisitiri, havui sitara. Nayo miji ya Waislamu iliendelea kuwa na hamamu: Misri, wanawake wakiwa ndani kilitundikwa kitambaa mlangoni, na mwanamume akikiona akenda zake. Nyumba ilikuwa moja, na gharama moja.

Kwa hivyo asituambie mwenye jimu Mombasa wala Malindi kuwa hana fedha za kujenga ya pili. Na agawe siku: tatu kwa hawa na tatu kwa hawa, jioni zikiwamo, na mwalimu wa kike awepo. Ama ni saa zipi, aulize nyumbani kwake kabla ya kuyabandika matangazo.

Wallahu aalam.