Tumbusi Naye ni Kiumbe cha Mungu



Bwana wetu Yesu Kristu aliwaagiza wafuasi wake wawatazame ndege wa angani. Neno hilo twalisikia mara nyingi kanisani, nasi twalipokea kama faraja, kwamba Baba wa mbinguni hatatusahau. Ni kweli, ni faraja. Lakini ni agizo pia. Je, ni wangapi kati yetu waliolitii? Ni nani awatazamaye ndege hata akajua majina yao, viota vyao, chakula chao na kazi yao? Mtoto wa siku hizi aweza kuwataja wachezaji wa mpira wa Ulaya mmoja mmoja, wala asimjue ndege aimbaye nyuma ya jiko la mama yake.

Leo twataka kunena habari za ndege mmoja tu, naye ni yule asiyesifiwa na mtu: tumbusi, ndege mkubwa wa shingo tupu, alaye mizoga.

Huenda msomaji akauliza, mbona hatukuchagua njiwa au heroe mwenye rangi nzuri? Yafaa tuangalie jambo moja. Pale ambapo Mtakatifu Mathayo aliandika ndege kwa jumla, Mtakatifu Luka aliandika kunguru. Naye kunguru, katika sura ya 11 ya kitabu cha Walawi, amehesabiwa pamoja na tumbusi katika orodha ya ndege walio najisi, wasioliwa. Bwana alipotaka kutuonyesha malezi ya Baba yake alimtaja ndege aliyedharauliwa. Tena ni kunguru hao hao waliomletea nabii Eliya mkate na nyama wakati wa njaa. Basi, kiumbe asiyefaa kwa kitoweo si kiumbe asiye na faida.

Na faida ya tumbusi ni kubwa. Ndege huyu hatafuti mzoga kwa kunusa, bali kwa macho. Huelea juu sana akiiangalia nchi, na tena akiwaangalia wenzake. Mmoja akishuka, wengine waliotawanyika mbali humwona na kumfuata. Kwa saa chache kundi lao huweza kumaliza mzoga wa nyumbu na kuacha mifupa. Tindikali ya tumbo lake ni kali mno, na vijidudu vingi vya maradhi hufa humo. Watafiti waliofanya kazi Serengeti katika miaka ya 1970 walikadiria kwamba tumbusi hula nyama nyingi kuliko simba, fisi na wanyama wengine wote walao nyama wakijumlishwa pamoja. Ni msafishaji asiyedai mshahara.

Mtu akitaka kujua nchi huwaje bila ndege hao, na aitazame India. Huko tumbusi walikuwa wengi mno hata mijini. Kisha, tangu miaka ya 1990, wakaanza kufa. Jamii moja iliyokuwa na wingi usiohesabika ilipungua kwa zaidi ya asilimia 99 kabla ya mwaka 2007. Mwaka 2004 wataalamu walitangaza sababu: dawa ya maumivu iitwayo diklofenaki, waliyopewa ng'ombe, nayo humwua tumbusi alaye mzoga wa ng'ombe huyo. Mwaka 2006 serikali za India, Pakistan na Nepal ziliipiga marufuku dawa hiyo kwa mifugo. Lakini wakati huo mizoga ilikuwa imekwisha kubaki ikioza, mbwa wasio na mwenyewe wakaongezeka, na pamoja nao hatari ya kichaa cha mbwa. Aliyedhaniwa kuwa mchafu ndiye aliyekuwa akiwalinda watoto wa watu.

Hapa Afrika nasi tumo katika njia hiyo hiyo. Wataalamu waliochunguza jamii nane za tumbusi wa bara letu waliona kwamba kwa muda wa miaka thelathini hivi walipungua kwa kadiri ya asilimia 62. Mwaka 2015 jamii nne ziliwekwa katika daraja ya mwisho ya hatari kabla ya kutoweka kabisa porini. Mmoja wao ni tumbusi mgongo-mweupe, ajengaye kiota juu ya miti mirefu kama migunga. Mwingine ni yule atagaye katika majabali, kama yale ya milima ya Gol mashariki ya Serengeti na ya Hell's Gate karibu na Naivasha nchini Kenya. Ndege hao hutaga yai moja tu. Baba na mama hulilalia kwa zamu karibu miezi miwili, kisha humlisha kinda miezi mingine minne hivi kabla hajaruka. Mtu akiwaua mia kwa siku moja, miaka mingi haitoshi kuwarudisha.

Nao huuawa na nini? Katika vifo vilivyoandikwa na wataalamu hao, vifo 61 katika kila 100 vilitokana na sumu. Jangili humwua tembo, kisha huutia mzoga sumu, ili tumbusi wasizunguke angani na kuwaonyesha askari wa wanyamapori mahali alipo. Mwezi wa Juni 2019, nchini Botswana, tumbusi 537 walikutwa wamekufa penye mizoga ya tembo watatu. Lakini si majangili peke yao. Yuko pia mfugaji ambaye usiku simba amemwulia ng'ombe, na asubuhi anamwaga dawa ya wadudu juu ya mabaki, ili simba arudipo afe.

Hatutaki kumhukumu mfugaji huyo kwa haraka. Ng'ombe wake ni ada ya shule ya mwanawe, ni maziwa ya mtoto mchanga, ni akiba ya uzeeni. Asiyepata kulia juu ya mfugo uliouawa asimfundishe mwenzake uvumilivu kwa maneno matupu. Walakini twamwambia kwa upendo: sumu haichagui. Anayekusudiwa ni simba mmoja, na wanaokufa ni tumbusi hamsini, fisi, na mbwa wa boma lake mwenyewe. Mvua ikinyesha, sumu yaweza kuingia katika maji wanywayo watu. Je, dhamiri ya Mkristu yaweza kutulia hapo? Amri ya Usiue inatudai tusiiweke hatari mahali ambapo mtoto wa jirani aweza kuigusa.

Zamani Mungu aliwapa Waisraeli sheria ndogo katika Kumbukumbu la Torati, sura ya 22. Mtu akikuta kiota njiani, na mama amewalalia makinda au mayai, aweza kuchukua makinda, lakini mama amwache aende zake. Maana ya sheria hiyo ni wazi: mwanadamu amepewa ruhusa ya kutumia, hakupewa ruhusa ya kumaliza. Baba Mtakatifu Fransisko, katika waraka wake Laudato Si' wa mwaka 2015, alifundisha kwamba kila jamii ya viumbe inayotoweka kwa kosa letu haitamtukuza Mungu tena kwa kuwako kwake, nasi hatuna haki ya kufanya hivyo.

Liko na jambo jingine la aibu. Katika vifo vile, 29 kwa kila 100 vilitokana na biashara ya viungo vya ndege kwa uganga. Huko Guinea-Bissau, mapema mwaka 2020, tumbusi zaidi ya 2,000 walikufa kwa sumu, na wengi walikutwa hawana vichwa. Wako wadhanio kwamba kichwa cha tumbusi humwonyesha mtu mambo yajayo au humpa bahati. Mbatizwa asijihusishe na upuuzi huo. Mambo yajayo yako mikononi mwa Mungu.

Basi, tufanye nini? Mfugaji na aimarishe boma lake. Huko Simanjiro wako waliopanda miti hai kuzunguka boma na kuifunga wavu wa chuma, na mifugo yao hulala salama. Simba akiua, habari ipelekwe kwa afisa wa wanyamapori mapema. Anayemkuta mnyama au ndege aliyekufa kwa sumu asimguse wala asimle. Awaarifu wakubwa, ili mzoga uteketezwe au uzikwe. Mwenye shamba asikate mti mrefu wenye kiota pasipo lazima. Walimu na makatekista wawatoe watoto nje, wawafundishe majina ya ndege kwa Kiswahili na kwa lugha za wazee, kabla wazee hawajaondoka na majina hayo.

Nanyi akina baba na akina mama, Jumapili mrudipo kutoka Misa, inueni macho pamoja na watoto wenu. Mkimwona ndege mkubwa akielea juu bila kupiga mbawa, msiwafundishe kumtemea mate wala kumrushia jiwe. Waambieni jina lake na kazi aliyopewa, na ya kuwa Yeye aliyempa kazi hiyo ndiye aliyetupa sisi yetu, naye atatudai hesabu yake.