Mtoto na Dirisha la Jirani

Kwetu Sosiot, Kenya, ni karibu na Ikweta, kwa hiyo giza letu halina msimu. Mwezi wowote wa mwaka, ikifika saa moja na nusu jioni huoni tena mwisho wa shamba la majani chai. Saa hiyo watoto kadhaa bado wako njiani. Huyu ametumwa maziwa dukani, yule anarudisha jembe la watu, mwingine anatoka kucheza kwa binamu zake. Wote hupita kando ya madirisha yenye taa. Wanachokiona humo, na wanachokifanya nacho baadaye, ni sehemu ya malezi ambayo wazazi wengi tumeiachia bahati.

Wahenga walisema macho hayana pazia. Ni kweli, na mtoto hawezi kulaumiwa kwa kuona kilicho mbele yake. Lakini methali hiyo inazungumzia macho tu. Miguu inaweza kufundishwa isisimame, na ulimi unaweza kufundishwa utulie. Kazi hiyo ni ya mzazi, wala hakuna mwalimu wa kumsaidia kuimaliza.

Wazazi wetu hawakulihitaji sana somo hili. Nyumba nyingi za vijijini zilikuwa na madirisha madogo ya mbao yaliyofungwa mapema kuzuia baridi, na koroboi haikumulika mbali na meza. Mambo yakabadilika haraka. Mwaka 2015 serikali ilianza mradi wa Last Mile wa kufikisha stima vijijini, na ada ya kuunganishiwa ikashushwa kutoka Sh35,000 hadi Sh15,000. Waliokuwa mbali na nguzo walinunua taa za sola wakilipa kidogo kidogo kwa simu. Madirisha nayo yakawa mapana, ya vioo. Hakuna anayetaka kurudi kwenye moshi wa koroboi uliowachoma watoto macho wakisoma. Hata hivyo, katika nyumba nyingi stima ilitangulia kufika, pazia likafuata baadaye, na mazungumzo na watoto kuhusu jambo hili bado hayajafanyika.

Tuanzie kwenye kioo chenyewe. Usiku, taa ikiwaka ndani na nje kukiwa na giza, aliye ndani akitazama dirisha huona sura yake na vitu vya chumba chake, kwa sababu mwanga unaorudishwa na kioo ni mkali kuliko ule unaotoka nje. Aliye nje huona kila kitu. Mama anayemwogesha mtoto kwenye karai, baba aliyejiinamia mezani akiwaza karo, mume na mke wanaobishana, hakuna hata mmoja wao anayejua kwamba kuna mtu njiani. Mtoto wa miaka minane anaweza kulielewa hili bila hotuba. Mtoe nje usiku mmoja, mwache ndugu yake sebuleni na taa ikiwaka, msimame wawili barabarani mtazame nyumba yenu. Ataona kiti anachokalia, nguo zake zilizoanikwa kwenye kamba, na ndugu yake akijikuna bila habari. Kisha muulize kama angependa mpita njia asimame hapo. Jibu atalitoa mwenyewe, na hatalisahau.

Sasa tuje kwenye ulimi. Huku kwetu, nyumba iliyokosa maziwa ya chai ni nyumba iliyobanwa. Mtoto anapita na kuona familia ya jirani imezunguka meza, kwenye sahani viazi vya kuchemsha, kwenye vikombe strungi, chai isiyo na maziwa. Anaingia nyumbani anasema, "Mama, hapo jirani leo wanakula viazi na strungi." Kesho yake analirudia shuleni, na kufikia mapumziko mtoto wa nyumba ile ameshabandikwa jina. Aliyesema hakutunga uongo. Hapo ndipo wazazi hukwama, maana tumewahimiza watoto waseme kweli, tukasahau kuwaambia kwamba mambo ya nyumba ya mtu yana mwenyewe, na ni yeye wa kuyatoa.

Jibu la mama katika dakika ile ndilo linalolea. Akiuliza, "Na baba yao alikuwepo? Na wageni je?" mtoto amejua kwamba habari za madirishani zina soko nyumbani kwao, na kesho atasimama muda mrefu zaidi ili alete nyingine. Mama akisema, "Mwanangu, maziwa hukauka kwa kila mtu. Hayo yaishie hapa," mtoto amefunzwa bila kuaibishwa. Asubuhi, kama nyumba ina maziwa ya ziada, apelekewe jirani chupa moja, na dirisha lisitajwe kabisa. Mtoto atakayeibeba chupa hiyo atajifunza kwamba kilichoonekana kwa bahati kinaweza kumtuma mtu kusaidia bila kumtuma kusema.

Ulimi usiofunzwa una hatari nyingine pia. Oktoba, bonasi ya majani chai inapolipwa, wapo wanaohesabu noti mezani kabla ya kugawa za karo, za mbolea na za deni la duka. Neno moja la mtoto kuhusu meza hiyo likisikika kilabuni linaweza kumletea jirani wezi. Aliyelisema atakuwa amelala usingizi wake, hajui alichofanya.

Adabu hii si ngeni kwetu. Kwa Wakipsigis wa huku kwetu, mvulana aliyetahiriwa halali tena nyumba moja na wazazi, na hata leo wanaotoka jandoni mwezi wa Desemba hutengewa nyumba yao uani. Wazee walijua kwamba heshima kati ya vizazi huhitaji nafasi, na nafasi hiyo waliijenga kwa mikono yao. Waislamu wa Pwani hufunzwa kubisha hodi mara tatu, na wasipoitikiwa warudi walikotoka. Kurani yenyewe, katika Sura ya An-Nur, inaagiza hata watoto wa nyumbani waombe ruhusa kabla ya kuingia walipo wakubwa nyakati tatu: kabla ya swala ya alfajiri, adhuhuri watu wanapopumzika, na baada ya isha. Agizo hilo linafaa kufikiriwa na mzazi wa dini yoyote, kwa sababu linamtaja mtoto waziwazi, tena mtoto wa nyumba hiyo hiyo. Somo la sitara huanzia chumbani kwa wazazi kabla halijafika kwa jirani.

Nalo haliwezi kufika mbali ikiwa mtoto mwenyewe hana sitara. Tunawaogesha uani, mbele ya wapita njia, watoto ambao wamekwisha kuanza kuona haya. Tunawaambia wageni kwamba huyu bado anakojoa kitandani, naye amesimama papo hapo na sinia la chai. Tunasoma alama zake za mtihani kwa sauti ili shangazi asikie. Mkataba wa Umoja wa Mataifa wa Haki za Mtoto wa 1989, ambao Kenya iliuridhia mwaka 1990, unasema mtoto asiingiliwe kiholela katika mambo yake ya faragha wala nyumbani kwake. Katiba yetu ya 2010, katika Kifungu cha 31, inamlinda kila mtu asifichuliwe habari za familia yake bila sababu, na mtoto ni mtu. Anayevuliwa heshima mbele ya wageni hawezi kujua heshima ya nyumba ya wengine inafananaje.

Siku hizi kuna dirisha jingine, ambalo ni simu. Zamani aliyechungulia alibeba habari kwa mdomo, na habari ilichoka njiani. Sasa kijana wa shule ya upili anaweza kupiga picha dirishani, ikawa katika makundi ya WhatsApp ya kata nzima kabla mwenye nyumba hajazima taa. Sheria ya Kulinda Data ya 2019 imeshaonyesha makali yake: Septemba 2023 shule moja ya Uthiru, Nairobi, ilitozwa faini ya Sh4,550,000 kwa kuchapisha picha za wanafunzi bila idhini ya wazazi. Ikiwa shule inaadhibiwa kwa picha za wanafunzi wake, kijana na aelezwe mapema uzito wa picha iliyoibwa usiku. Na mzazi anayempa mtoto simu bila kumpa mafunzo haya amefanya nusu ya kazi.

Lakini kuna jambo ambalo mtoto hapaswi kulinyamazia, na ni lazima aelezwe hilo siku ile ile anapofunzwa kunyamaza. Akiona mtu anapigwa, akisikia mtoto mwenzake akilia kilio cha kuumizwa, akiona moto, hiyo si siri ya jirani. Mpango wa Nyumba Kumi ulioanzishwa nchini mwaka 2013 ulituhimiza tujuane kwa ajili ya usalama, na kokwet, yaani ujirani wa Wakipsigis, ilikuwa ikifanya hivyo kabla ya serikali. Kujuana huko ndiko kunakookoa watu. Mtoto asiende kugonga mlango wa nyumba hiyo wala asikusanye wenzake kutazama. Akimbie amwambie mzazi, nyanya au mzee wa kijiji, na mkubwa aliyeambiwa achukue hatua. Nambari 116, ya kuripoti mateso ya watoto, hupigwa bure saa yoyote. Mkubwa anayejibu, "Hayo ni ya nyumba yao," baada ya mtoto kumwambia kuna mwenzake anayeumizwa, amemfunza ukatili na kuuita adabu.

Basi mtoto apewe kipimo kimoja cha kutembea nacho: nikisema nilichokiona, nitamwokoa mtu au nitamwaibisha? Cha kumwokoa mtu akiseme mara moja, kwa mkubwa mmoja anayeaminika. Cha kumwaibisha akiache pale alipokikuta. Watoto hulielewa swali hili mapema kuliko tunavyodhani, ila hulipima kwa yale wanayoyasikia mezani pa chakula. Mzazi anayetaka mwana mwenye sitara aanze kwa kuacha kujadili nyumba za watu mbele yake, apige hodi kwenye chumba cha mwanawe aliyekua, na anunue pazia. Atakayengoja mtoto ajifunze haya ukubwani atakuwa amewapa majirani kazi ya kumlelea, nao watailipia kwa heshima yao.