Pointi za hoteli na mizani ya wapunjaji

Sifa zote njema anastahiki Allah (SW), Mola wa viumbe vyote. Rehma na amani zimshukie Mtume wetu Muhammad (SAW), jamaa zake, Masahaba zake na kila aliyefuata njia yao kwa wema. Ama baada ya hayo.

Ndugu msomaji, wiki hii nimeona niandike jambo lililonipata mimi mwenyewe. Kalamu huwa nyepesi sana inapoandika makosa ya jirani, lakini ikigeuzwa kumwelekea mwenyewe mara inakuwa nzito kama jiwe. Namuomba Allah (SW) ainyooshe, na ajaalie katika haya pawepo na funzo kwangu mimi kabla yako wewe.

Mimi ni mtu wa manunuzi katika kampuni moja hapa Dar es Salaam. Kazi yangu ina safari nyingi: Nairobi, Kigali, Johannesburg na Dubai. Katika safari hizo nilijiunga na ule utaratibu wa hoteli kubwa zenye matawi katika nchi nyingi. Unapewa uanachama, kila ukilala na kulipa unahesabiwa pointi, na pointi zikitimia unapewa chumba bila kulipa fedha. Utaratibu huu si mgeni. Shirika la ndege la American Airlines lilianzisha wake mwaka 1981, na hoteli kubwa za Marekani zikaiga mwaka 1983. Leo wasafiri wengi wa kikazi wanazo pointi hizi ndani ya simu zao, na wengine wanazihesabu kwa makini kuliko wanavyohesabu rakaa.

Mimi nilikuwa mmoja wao. Nilikusanya kwa miaka sita. Ilipofika mwaka 2023 nilikuwa na pointi zinazotosha siku nne katika hoteli moja kule Deira, Dubai, maeneo yale yale ambayo wafanyabiashara wetu wa Kariakoo hufikia wanapofuata mzigo. Watoto walikuwa wamefunga shule mwezi Desemba. Nikawaonyesha picha: chumba kipana, dirisha linatazama hori ya Dubai, mashua za abra zinapita chini, na bwawa la kuogelea juu ya paa. Baada ya swala ya Isha nilimhadithia hata jirani yangu wa safu moja msikitini kwamba naipeleka familia Dubai na hoteli ni bure. Yale hayakuwa mazungumzo, ndugu yangu, yalikuwa majigambo.

Tulichokikuta

Tulifika usiku, watoto wamechoka. Binti wa mapokezi akatutaka tulipe kwanza ule ushuru wa utalii wa Dubai ambao ulianza mwaka 2014, na ambao hutozwa kwa kila chumba kwa kila usiku, kati ya dirham 7 na 20 kwa kufuata daraja la hoteli. Halafu akataka amana. Halafu akatuambia chai ya asubuhi haimo. Tulipofika chumbani, dirisha lilitazama ukuta na mitambo ya viyoyozi inayonguruma. Kapeti linanuka sigara. Maji ya bafuni yanatuama hadi kwenye kifundo cha mguu. Bwawa lilikuwa limefungwa kwa matengenezo, na kwa mujibu wa tangazo lililobandikwa kwenye lifti lilikuwa limefungwa tangu mwezi uliopita, yaani kabla sijathibitisha nafasi yangu.

Nikashuka chini na hasira zangu. Yule binti akanieleza kwa adabu kwamba vyumba vinavyotazama maji havitolewi kwa wageni wa pointi. Nikamwambia hilo halikuandikwa kwenye picha. Nyuma yangu pana foleni ya watu. Nikapaza sauti. Nikasema kwa Kiingereza kwamba hoteli yao ni ya matapeli. Kisha nikamgeukia mke wangu na kusema kwa Kiswahili, nikiamini haelewi mtu, kwamba binti huyu ni mwongo, analipwa kuibia watu na hana hata chembe ya haya.

Yule binti akainamisha kichwa. Kisha akasema kwa Kiswahili safi cha Mombasa, "Samahani sana, baba. Mimi sipangi vyumba."

Wallahi, ndugu msomaji, nilitamani ardhi ipasuke. Lakini kiburi ni maradhi mabaya. Sikumwomba radhi. Nilichukua funguo zangu nikapanda juu.

Swali la mke wangu

Watoto walipolala, mke wangu aliniuliza taratibu, "Baba, hiki chumba tumekilipia nini mpaka ugombe vile?" Nikamjibu tumelipa kwa pointi. Akauliza, "Pointi umezipata wapi?" Nikamwambia kwenye safari za kazi. Akauliza, "Na zile safari alilipa nani?" Nikasema ofisi. Hakuongeza neno. Alimvutia shuka mtoto mdogo akalala. Mimi sikulala.

Sasa naomba tuliangalie jambo hili kwa mizani ya dini yetu, upande wa hoteli kwanza na kisha upande wangu.

Hoteli ilikosa, hilo halina shaka. Sote tunaijua ile hadithi aliyoipokea Imam Muslim, ya Mtume (SAW) kupita sokoni kwenye lundo la nafaka. Akaingiza mkono wake mtukufu ndani, vidole vyake vikakuta umajimaji. Alipomuuliza mwenye mali, yule bwana akasema imenyeshewa na mvua. Mtume (SAW) akamhoji kwa nini basi asiiweke ile iliyolowa juu ili watu waione, kisha akabainisha kwamba mwenye kughushi hayupo pamoja naye. Picha ya dirisha la hori, ilhali unajua mgeni huyu utampa dirisha la ukuta, ni nafaka kavu iliyowekwa juu ya iliyolowa. Kuficha kwamba bwawa limefungwa ni vivyo hivyo. Ndugu zetu wenye nyumba za wageni, wenye mabasi na wenye kumbi za harusi walizingatie hili. Mvua si kosa la muuzaji. Kosa ni kuificha.

Wapo watakaosema: lakini wewe ulipewa bure, na wa bure hachagui. Hapana. Pointi si sadaka. Mgeni analipa bei kamili, na sehemu ya bei hiyo ndiyo inayorudi kwake kama ahadi ya chumba kesho. Wahasibu wanalijua hili, ndiyo maana kampuni huziandika pointi ambazo hazijatumika kama deni linalowakabili. Kwa hiyo aliyelala kwa pointi amelala kwa malipo, na anayo haki ya kupata alichoahidiwa.

Lakini tazama, ndugu yangu, hoja hiyo ilivyonigeukia mimi mwenyewe usiku ule. Kama pointi ni malipo, basi ni malipo ya nani? Ni nani aliyetoa ile bei kamili iliyozaa pointi?

Hadithi ya mkusanya zaka

Wamepokea Imam Bukhari na Imam Muslim kisa cha Ibn al-Lutbiyya, ambaye Mtume (SAW) alimtuma kukusanya zaka. Aliporudi akaigawa mali mafungu mawili. Hili lenu, akasema, na hili nimezawadiwa mimi. Mtume (SAW) akapanda juu ya mimbari, akawauliza watu: kwa nini mtu huyu asingekaa nyumbani kwa baba yake au mama yake, akaona kama atapelekewa zawadi hiyo? Yaani zawadi ile haikumfuata yeye. Ilifuata kazi aliyotumwa.

Nikajiuliza, je, mimi ningekaa kwa mama yangu kijijini, ningepata pointi hata moja?

Sisemi kwamba kila mwenye pointi za safari za kazi anakula haramu. Wanavyuoni wa zama zetu wamezungumza kwa namna tofauti juu ya suala hili, na mimi si mufti. Ikiwa mwajiri anajua na ameridhia, mlango wa dhulma umefungwa. Hata wasiokuwa wa dini yetu wameliona jambo hili kuwa zito. Marekani ilibidi itungwe sheria, mwishoni mwa mwaka 2001, ndipo mtumishi wa serikali kuu akaruhusiwa kubaki na pointi za safari za kikazi. Ujerumani, Julai 2002, Gregor Gysi aliacha kiti chake cha usimamizi wa uchumi katika serikali ya jimbo la Berlin kwa kuwa alitumia maili za safari zake za kibunge kwa safari binafsi. Na mwaka 2006 mahakama ya juu ya kazi ya nchi hiyo iliamua kwamba mwajiri anayo haki ya kuzidai maili zilizotokana na safari alizozilipia yeye.

Jambo langu lilikuwa baya zaidi ya hapo. Mimi sikungoja pointi zinifuate, nilizifuata. Nilipokwenda Kigali palikuwa na hoteli safi jirani kabisa na ofisi tunayofanya nayo kazi, lakini haikuwa ya kundi langu. Nikalala mbali, kwa bei kubwa zaidi, na teksi juu yake. Ofisi ikalipa. Nairobi nikafanya hivyo hivyo. Hakuna aliyeniuliza, kwa sababu ni mimi ndiye ninayeuliza wengine. Kazi yangu ni kuhakikisha kampuni hainunui ghali!

Ndipo zikanijia aya za mwanzo za Suratul Mutaffifin. Allah (SW) anawaahidi adhabu kali watu ambao wakijipimia kwa wengine hutaka kipimo kijae, na wao wakiwapimia wengine hupunguza. Nilizisoma mara nyingi nikidhani zinamhusu muuza mchele na muuza nyama. Usiku ule niliona zinanihusu mimi niliyesimama mapokezi nikidai kipimo changu kijae, dirisha langu, bwawa langu, chai yangu, ilhali kwa miaka sita nilikuwa nampunguzia aliyeniamini.

Niliyoyarekebisha na nisiyoyaweza

Niliporudi Dar es Salaam nilizitoa risiti zote nilizokuwa nazo. Nikapata safari saba ambazo nilichagua hoteli ya ghali bila sababu ya kikazi. Nikamwendea mkuu wangu na hesabu mkononi. Mwanzo alicheka, akasema pointi ni zangu, kila mtu anafanya. Nikamwambia sizungumzii pointi peke yake, nazungumzia ile tofauti ya bei. Akanyamaza. Baada ya siku mbili tukakubaliana nikatwe kidogo kidogo kwenye mshahara, na ofisi ikaweka utaratibu kuhusu pointi za wafanyakazi wote. Wapo wenzangu walionuna. Nawaelewa.

Hilo la fedha likawa jepesi. Lililobaki zito ni la yule binti.

Kesho yake asubuhi nilishuka kumwomba radhi, nikaambiwa si zamu yake. Siku ya pili vivyo hivyo. Siku ya tatu nikaambiwa amepangiwa kazi kwingine, na wenzake, kwa haki kabisa, hawakunipa namba yake ya simu. Nikaandika barua kwa Kiswahili, nikamwachia mwenzake wa mapokezi. Sijui kama ilifika. Hadi ninapoandika haya sijapata jibu. Ni binti wa watu, yuko ugenini anatafuta riziki, na bila shaka nyumbani kwao wako wanaomtegemea. Nilimvunjia heshima mbele ya foleni kwa kosa ambalo si lake, na tena kwa lugha ya mama yake.

Mnaikumbuka ile hadithi ya muflisi, aliyoipokea Imam Muslim. Mtume (SAW) aliwauliza Masahaba kama wanamjua muflisi. Wakasema kwao ni yule asiye na dirham wala bidhaa. Akawafundisha kwamba muflisi wa umma wake ni atakayekuja Siku ya Kiyama na swala, funga na zaka, lakini huyu alimtukana, yule alimsingizia, mwingine alikula mali yake. Basi watagawiwa mema yake mmoja mmoja. Yakimalizika kabla deni halijaisha, yatachukuliwa madhambi yao abebeshwe yeye, kisha atupwe Motoni. Tunajikinga kwa Allah.

Ndugu msomaji, sisi ni watu wa kukusanya. Tunakusanya rakaa za usiku, tunakusanya funga za Jumatatu na Alhamisi, tunakusanya Umra. Ni jambo jema, na Allah (SW) hapunguzi ujira wa mtu hata kwa uzito wa chembe. Lakini kituo kile hakitakuwa na mtu wa kupaziwa sauti. Mwenye haki yake atasimama mbele yako, na malipo hayatakuwa dirham.

Hebu basi tujikague leo, kabla hatujakaguliwa. Mwenye mwajiri, atazame anachokipata nyuma ya mgongo wa mwajiri wake, hata kama jina lake ni pointi, chenji au bakshishi, na aulize waziwazi. Mwenye biashara, aiweke juu ile nafaka iliyolowa. Na mwenye kudai haki yake, aidai, ni halali yake, lakini amwendee mwenye kosa, asimvunjie heshima aliyetumwa kusimama mbele.

Na wewe binti wa Mombasa, ikiwa gazeti hili litakufikia huko uliko, mimi ndiye yule mzee wa chumba cha ukutani. Ulisema kweli na mimi nilikusingizia. Naomba radhi yako, kwa ajili ya Allah.

Wabillahi tawfiq.